Kitanda Kilichovuka Uwanja

Kitanda nilikitambua kabla sijamtambua aliyelala juu yake. Nilikuwa nimeingia kwa Esta, huko mtaa wa Rhonda, Nakuru, nikihema kwa sababu ya magoti haya yangu, na chumbani hakukuwa na mwanga ila ule wa dirisha dogo. Nikaona vyuma kwanza. Chuma kimoja cha upande wa kichwani kimepinda kwa nje, pale mume wangu Elikana alipokigongesha mlangoni siku tuliyokinunua, akaapa kwamba atakinyoosha Jumamosi. Hakukinyoosha Jumamosi hiyo wala nyingine yoyote, na sasa Elikana yuko chini ya udongo na chuma bado kimepinda. Nikasimama pale mlangoni nikisema moyoni: kitanda changu. Sikusema "wifi yangu maskini," wala "jamani amekonda." Kitanda changu! Ndivyo nilivyo, na kwa umri huu sina nguvu za kujifanya mtu mwingine. Ndipo nikamwona Rasoa mwenyewe, mke wa marehemu ndugu yangu Zakaria, amejikunja chini ya blanketi kama mtoto, miguu imekataa, lakini jicho ni lile lile la kucheka watu. Esta, bintiye, ndiye aliyenipigia simu kwamba mama yake ananiulizia. "Umekuja kukidai?" Rasoa akaniuliza, akipiga vyuma kwa kidole. Nikamwambia ndiyo, nimekuja na mkokoteni, uko nje.

Tulicheka, lakini mimi sikuwa nikicheka sana. Kuna mwaka mmoja umekaa kati yangu na Rasoa kama mfupa wa samaki kooni. Tangu hapo tumezaa, tumezika, tumekula Krismasi pamoja mara zisizo na idadi, na bado nikimwona najikuta nimerudi kwenye landi za relwe, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, pasi mfukoni na kafyu jioni. Majirani zetu Wakikuyu walikuwa wamechukuliwa kwa malori na vyumba vyao kupewa watu wengine, na sisi tuliobaki tulijifunza kutouliza maswali. Mimi na Elikana tulikuwa tumeoana karibuni tu. Yeye alisafisha injini za treni usiku na kulala mchana, ndugu yangu Zakaria alikuwa mtu wa breki kwenye treni za mizigo, leo Kisumu, kesho Eldoret. Vyumba vyetu vilitazamana. Landi zilijengwa kwa safu mbili, katikati uwanja, na katikati ya uwanja mfereji mmoja wa maji na jiwe la saruji la kufulia. Ukisimama mferejini ukitazama lango, kwa Zakaria ni mkono wa kulia, kwangu ni mkono wa kushoto, na milango yote imepakwa rangi moja ile ya kijani. Shikeni hilo la mikono, maana mbele litakuja.

Mama yangu aliamka siku moja huko nyumbani Magharibi upande mmoja umekataa na ulimi umekuwa mzito. Zakaria akamleta Nakuru kwa treni. Hospitali wakamtazama, wakatoa chupa ya dawa ya rangi ya waridi, wakasema mgonjwa huyu ni wa kuuguziwa nyumbani. Nyumbani kwa nani? Mimi nilikuwa nimekwisha kufua mashuka. Nilikuwa nimekisugua kile kitanda cha chuma kwa majivu, nimehamisha masanduku, nimemwambia Elikana tutalala chini kwenye mkeka. Elikana akanitazama kama mtu aliyeona wazimu. "Jerida," akasema, "wewe umesahau wewe ni mtu wa wapi?" Sikuwa nimesahau, nilikuwa nimejisahaulisha. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hasalimiani naye kwa mkono, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani hadi mwenzake apite. Na mambo ya kukalia kitanda cha mkwe ndiyo usiseme kabisa: huko ni kuita tumbo kavu, na watoto wasiosimama. Mimi nilikuwa sijapata mtoto bado. Nani angethubutu kujaribu? Kwa hivyo mama akapelekwa kwa mwanawe wa kiume, ng'ambo ya uwanja, akatandikiwa mkeka na magodoro ya nyasi sakafuni, na aliyemuuguza akawa Rasoa. Mimi niliyetoka tumboni mwake nikawa mgeni wa kuja na bakuli.

Nilichotaka mwaka ule kilikuwa kitu kimoja tu, na sikuwa na haya kukitaka: mama yangu alale kwangu, nimwoshe mimi, nimlishe mimi, na siku ikifika aniage mimi. Kila asubuhi nilivuka uwanja na chakula. Nilimpikia mboga ya mrenda kwa chumvi ya majivu, vile anavyoupenda, ukivutika hadi kwenye kiwiko. Rasoa, Mungu anisamehe, alikuwa hajui kupika. Ugali wake ulikuwa na madonge, unauma unakutana na unga mkavu. Lakini mama aliula! Nikimletea mrenda wangu, Rasoa angeupokea vizuri sana, na shukrani, halafu angesema, "Wacha nimlishe, wifi. Hali kwa mtu mwingine. Amenizoea mimi." Amenizoea mimi! Alikuwa amekaa na mama miezi miwili. Mimi nilikaa ndani yake tisa. Tena alikuwa na mimba, tumbo linazidi kusimama, akawa anamlisha mama yangu akiwa ameegemeza bakuli juu ya hilo tumbo kana kwamba ni meza aliyonunuliwa kwa kazi hiyo, na mimi nimekaa kwenye debe nikiangalia.

Lililoniuma zaidi ni maneno. Ulimi wa mama ulitoa sauti, lakini sauti zilikuwa zimevurugika kama uji wenye mchanga, na aliyezielewa ni Rasoa peke yake. Nilipoingia tu, mama alianza kusema, mkono wake mzima ukipapasa hewani, macho kwangu, akisema na kusema, na mimi nageuka kwa Rasoa kama mtu aliye mbele ya hakimu Mzungu akingoja karani amtafsirie. "Anasemaje?" Na Rasoa, bila kuinua kichwa, "Anataka chai." Nikapika chai. Nikaipuliza ipoe, nikaileta mdomoni, mama akageuza uso ukutani. Kesho yake vile vile: anasema, anapapasa, anataka chai, chai haitaki. "Mbona hanywi sasa?" nikauliza siku moja. "Mgonjwa haulizwi uji, wifi," Rasoa akanijibu, akicheka. "Leo anataka, kesho hataki. Nenda ukatusaidie kufua, jua bado liko." Nami nikaenda kufua. Nilifua nguo za mama yangu kwa hasira hata zikachakaa kabla ya wakati.

Jumamosi ndiyo siku tuliyokutana mferejini sisi wote wenye wagonjwa ndani. Hakuna aliyetuita wala kutupanga, ni vile mablanketi ya wagonjwa hunuka, na wasio na wagonjwa hawakutaka kufua karibu nasi. Alikuwapo Mama Odhiambo, mwanamke mdogo wa mwili mwenye sauti ya tarumbeta, aliyeuguza baba mkwe kipofu. Alikuwapo Mama Mutiso, ambaye mumewe alianguka kutoka juu ya lori huko Mai Mahiu akavunjika nyonga, na tangu hapo alikuwa akiamrisha landi nzima kutoka kitandani. Tulikanyaga mablanketi kwa miguu, gauni zimefungwa magotini, na upepo wa ziwani ukituletea vumbi jeupe la magadi juu ya kila tulichoanika. Hapo ndipo tuliulizana mambo ambayo huwezi kuuliza mahali pengine: kidonda cha mgongoni unakipaka nini, mtu mzito unamgeuzaje peke yako, yeye akikutukana unamjibu au unanyamaza. Mama Odhiambo alisema mzee wake huficha ugoro ndani ya uji ili auvumbue kwa ulimi. "Nikamwambia, baba, huu uji una mchanga? Akasema, nyamaza mtoto, huu umepikwa leo vizuri." Tulicheka hata tukashikana mabega. Mama Mutiso akasema mumewe amemwambia mke ndiye afe kwanza, kwa maana mume akitangulia hakuna atakayempikia huko aendako. Ukisikia kicheko mferejini ungedhani tuko harusini, na kila mmoja wetu alikuwa hajalala.

Lakini malkia wa mfereji alikuwa Rasoa. Yeye alikuwa na hadithi za mama yangu. Alimwiga anavyokataa dawa ya rangi ya waridi, anavyoitemea chini ya mkeka, anavyomfukuza jogoo kwa mguu ule mzima. Siku moja akasema, huku anakamua shuka, "Unajua yule mama alitoroka harusi yake ya kwanza? Aliniambia juzi. Aliruka dirisha, akavuka mto na shanga zote za bibi harusi, wakamfuata hadi sokoni." Wote wakapiga makofi. Mimi mikono yangu ikakwama ndani ya sabuni. Mama yangu alikuwa na harusi ya kwanza? Nimelala naye kitanda kimoja hadi nikaota matiti, nimechota naye maji, nimepalilia naye, hakuwahi kunigusia. Na sasa nasikia hapa, pamoja na Mama Mutiso na Mama Odhiambo, kama habari za mtu wa mtaa wa pili. "Ulijua, Jerida?" Mama Odhiambo akaniuliza. "Nilijua," nikasema, "zamani sana." Uongo ulinitoka haraka hata ukanishangaza. Siku hiyo sikuzungumza na Elikana, na yeye maskini hakuwa amefanya lolote.

Elikana mwenyewe alikuwa na shida zake na mama. Rasoa alizoea kumtoa mgonjwa nje aote jua kwenye kigoda karibu na mfereji, na pale penye jua ndipo palikuwa njia ya Elikana ya kutoka kazini, njia ya kwenda msalani, na njia ya kila kitu. Mume wangu alijifunza kutembea kwa kuzunguka nyuma ya vyoo, akichungulia pembeni ya kuta kama mwizi wa kuku. Siku moja mama alikaa pale hadi saa sita, na Elikana akakaa nyuma ya choo hadi saa sita, bado na grisi ya usiku, akipunga mikono kuniomba nimtoe. Mama, kwa upande wake, akimwona kwa mbali alivuta leso ajifunike uso kwa ule mkono mmoja, na chini ya leso mabega yake yalitikisika. Rasoa alisema analia kwa heshima. Mimi nilijua anacheka. Hilo moja nililielewa bila mkalimani, nikalishika siku nzima.

Siku ya siku ilikuwa asubuhi ya kazi, si Jumamosi. Nilikuwa nimekwenda kinuni kusaga mahindi, kwa hivyo niliyoyakosa niliambiwa na Mama Odhiambo, ambaye aliyasimulia hadi anakufa. Rasoa alikuwa akifua, mama kwenye kigoda, mawingu yanashuka kutoka Menengai. Ghafla Rasoa akashika jiwe la kufulia akapiga yowe, maji yakamwagika miguuni mwake ambayo si ya mfereji. Mama yangu, mwenye upande mmoja, aliinuka kumsaidia. Nani alimwambia ainuke? Akaanguka mtaroni, mwili wake wote ule, kwa sababu mama alikuwa mnene wa kweli, na mvua ikaanza. Zakaria yuko safarini, wanaume wako kazini, Mama Odhiambo anavuta huku anateleza. Akakimbia kugonga mlango wangu, akamwamsha Elikana. "Toka, mama anakufa mtaroni!" Elikana akajibu kutoka ndani, "Mama gani?" Alipoambiwa ni mama gani, akasema, "Siwezi. Huyo ni mama mkwe." Mama Odhiambo, ambaye kwao pia mambo ya wakwe si mchezo, akafikiri kidogo, akaokota gunia tupu la mahindi lililokuwa mlangoni. "Ingiza kichwa humu," akamwambia. "Macho yasipoona, hujamwona."

Basi mume wangu akatoka nje ya nyumba yake na gunia kichwani hadi mabegani, mikono ameifunga kwa koti la kazi ili ngozi isiguse ngozi. Wakambebesha mama mgongoni. Mama Odhiambo akamshikilia mama kwa nyuma asidondoke, na aliyekuwa macho ya Elikana ni Rasoa, ameinama, ameshika tumbo, anatangulia kwenye tope na kuelekeza kwa sauti: nyooka, inua mguu, sasa kushoto, kushoto tena, kizingiti hicho, inama. Elikana akainama, akaingia, akahisi kitanda kwenye magoti, akamteremsha mama mkwe wake taratibu kama yai. Halafu mkono wake ukagusa chuma. Chuma kilichopinda. Hakuna mtu mwingine landi nzima aliyekuwa na kitanda cha chuma kilichopinda. Mama Odhiambo alisema gunia lilitoa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwa mwanamume.

Mimi niliingia langoni na unga wangu kichwani, nikamkuta mume wangu amekaa chini kwenye tope, mvua inampiga, gunia bado liko kichwani, anatetemeka. "Vua hilo," nikamwambia. "Sivui," akajibu gunia. "Mwambie mama asinitazame." Ng'ambo ya uwanja Rasoa alikuwa amekwisha kuingizwa kwake na wanawake, anapiga kelele za kuzaa, na katikati ya kelele anapaza sauti, "Nisameheni! Nilichanganyikiwa! Uchungu ulinipoteza mikono!" Nikasukuma mlango wangu. Mama yangu alikuwa amelala kwenye kitanda changu, amelowa, tope hadi kwenye nywele, nusu ya uso ikicheka na nusu nyingine imetulia. Nilishtuka, ndiyo. Niliogopa kwa ajili ya tumbo langu, ndiyo. Lakini nitasema kweli: chini ya hofu yote hiyo nilikuwa na furaha kama mtoto aliyeokota shilingi. Nilifunga mlango na komeo.

Mzee Yakobo, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa watu wetu pale mjini na pia mzee wa kanisa, aliitwa jioni kabla ya kafyu. Alikaa kwenye debe akauliza mara mbili kama Elikana alimwona mama mkwe, akaambiwa mara mbili alikuwa ndani ya gunia. Akafikiri sana. Akasema mgonjwa aliyekwisha kulazwa hatolewi kwenye mvua na kupelekwa nyumba yenye mtoto mchanga, kwa hivyo mama abaki, na mwenye nyumba ndiye ahame, akalale kwa shemeji yake Zakaria, nyuma ya pazia. Elikana atoe kondoo na blanketi. Na kitanda, akasema akikitazama kwa huzuni maana kilikuwa kitanda kizuri, hicho hakitalaliwa tena na Elikana na mkewe. Kimekuwa cha mama. Akiondoka, kinaondoka naye. Niliitikia kwa kichwa. Wakati ule ningetoa hata mlango.

Kwa hivyo nikampata mama yangu. Alikaa kwangu kadiri Rasoa alivyokaa ndani na mtoto wake, ambaye ndiye huyu Esta. Nilimwosha kwa maji ya moto na majani ya mkaratusi, nikamgeuza, nikampaka mafuta kwenye visigino. Sikuwa stadi kama Rasoa. Uji wangu ulimpalia mara nyingi, na nilipomgeuza alilalamika. Lakini nilipomaliza kazi aliniangalia, akapiga godoro kwa ule mkono mzima, tap, tap, kando yake. Njoo. Hilo halikuhitaji karani. Nikapanda nikalala kando ya mama yangu kwenye kitanda changu, mvua juu ya mabati, injini zinapishana upande wa stesheni, na yeye anaongea maneno yake yaliyovurugika sikioni mwangu, mengi, marefu, na mimi naitikia eeh mama, eeh mama, sielewi hata moja. Mara kwa mara alinyoosha mkono kuelekea mlangoni, ng'ambo ya uwanja, akasema kitu. Hapo moyo wangu ulikuwa unafunga. Anamtaka Rasoa, nilijiambia. Hata hapa, hata sasa, anamtaka yule. Ningeweza kumwita Rasoa aje anitafsirie, alikuwa hatua chache tu. Sikumwita. Afadhali nisielewe mimi mwenyewe kuliko kueleweshwa na yeye.

Rasoa alipotoka nje na mtoto, kitanda kikavuka uwanja. Wanaume walikibeba na mama amekaa juu yake kama mama chifu, leso usoni, Elikana yuko nyuma ya choo. Zakaria alirudi kwenye kitu ambacho hakuwahi kumudu kukinunua, na mimi na mume wangu tukalala kwenye mkeka hadi mwaka ukaisha. Mama alifariki kabla ya mvua kubwa za mwaka uliofuata, alasiri, mimi nikiwa kinuni tena. Aliagana na nani? Alikuwa mikononi mwa Rasoa. Nilifika nikakuta amekwisha kufungwa kidevu. "Alisema nini?" nikamuuliza Rasoa, na Rasoa, ambaye kila siku alikuwa na jibu, akatikisa kichwa akasema hakusema kitu. Sikumwamini. Nilidhani amejiwekea. Na baada ya matanga, kwa sababu kitanda cha marehemu mama kilikuwa cha mwanawe wa kiume, Rasoa akakilalia yeye. Nilipata watoto baadaye, tumbo halikukauka, Mzee Yakobo alihesabiwa haki. Lakini kila nilipoingia nyumba ya wifi yangu, Nakuru, na baadaye Njoro walikohamia, na tena Nakuru, niliona chuma kile kimepinda nikajisikia vile vile. Watu husema muda huponya. Muda wangu mimi haukupata hiyo habari.

Esta alituacha chumbani akaenda kukoroga uji. Nikasogeza kiti karibu na kitanda, nikamwuliza nililotaka kuuliza tangu nikiwa na meno yote. "Rasoa. Siku ile ya gunia. Ulikuwa na uchungu kweli hata ukapoteza kulia na kushoto?"

Akacheka hadi akakohoa. "Wifi, nani husahau mkono anaolia ugali?"

"Kwa hivyo uliniletea makusudi?"

"Si mimi. Ni mama. Nilipokuwa nimeshika lile jiwe, na yeye yuko mtaroni, alinishika mguu akasema tena. Kwa Jerida. Nipeleke kwa Jerida. Nikaona huyu mama anakufa na mimi labda nakufa, basi na apelekwe."

"Akasema tena?" nikauliza. "Tena vipi?"

Rasoa akatazama dari. Nilimwona anakusanya pumzi. "Alisema tangu siku ya kwanza. Kila siku, wifi. Ukiingia tu mlangoni anaanza. Nipeleke kwako, mwanangu. Nataka kulala kwako."

Kumbe! Nikakiona kile kikombe. Nikajiona nimeinama nakipuliza. "Chai," nikasema. "Rasoa! Ulisema anataka chai!"

"Nilisema chai."

"Mwaka mzima nimepika chai!"

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungevunja nyumba yako. Ulikuwa mwanamke wa kichwa kigumu." Akavuta blanketi hadi kifuani. "Lakini si hilo tu, nisikudanganye sasa. Mimi ndiye nilimwosha. Mimi ndiye niliamka usiku, na tumbo langu. Na asubuhi akifungua jicho, neno la kwanza ni wewe. Hadi neno la mwisho. Uliponiuliza alisema nini, alikuwa amekuita. Niliona wivu, Jerida. Wivu mtupu."

Nilitaka kumpiga. Mwanamke mzee, miguu imekufa, na mimi nikatafuta kwa macho kitu cha kumpiga nacho. Halafu nikaanza kulia, na nikiwa nalia nikasikia kicheko kinatoka humo humo ndani ya kilio, kwa maana nilimkumbuka Elikana ndani ya gunia, kondoo wangu, blanketi langu, kitanda changu, na mama yangu mwenye nusu uso inayocheka. Alipata alichotaka, yule mama. Alitoroka mara ya pili. Rasoa naye alikuwa akilia. "Mbona unaniambia leo?" nikamwuliza. "Kwa sababu leo ni mimi nimelala hapa," akasema. "Huyu mtoto ananiosha vizuri, hana kosa. Lakini kuna wakati unataka mtu fulani na si mwingine. Nikasema, mimi ulimi wangu bado mzima, wacha nimtaje mwenyewe asije mtu akasema nataka chai."

Akapiga godoro kwa mkono. Tap, tap.

Esta akaingia na kikombe cha uji na kijiko, kanga begani. Nikanyoosha mkono. "Leta, mama. Nitamnywesha mimi."

"Hapana senge," Esta akasema kwa upole, akiniita shangazi kwa lugha ya kwetu na kukivuta kikombe kifuani. "Hanywi kwa mtu mwingine. Amenizoea mimi."

Nikamnyang'anya. Sikumwomba mara ya pili, nilimnyang'anya kikombe mkononi, uji ukanimwagikia kidole. "Nenda ukafue," nikamwambia. "Jua bado liko." Esta akasimama mlangoni, mkono kiunoni, akinitazama nikipanda juu ya kile kitanda na magoti yangu mabovu. Jicho lile nalijua, nililivaa mwaka mzima. Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilikaa vizuri kwenye kitanda changu, nikaegemea chuma kilichopinda, nikaupuliza uji.